Mjomba, begi langu lina kila kitu ila kile kinachotakiwa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wako wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, miaka 36, kazi yangu ni kutunza stoo. Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyonitia ugonjwa, maana nikitoka nyumbani situlii mpaka kila kitu kiwepo, na cha akiba yake.

Tangu mwaka jana sisi watu sita tunaendesha baiskeli za milimani, zile za mtumba zenye matairi ya meno. Mwezi uliopita tulishika njia ya Pangani, tulipoipita Tongoni tukakata kuingia mashamba ya mkonge. Begi langu nilikuwa nimelipima jana yake kwenye mzani wa kazini: kilo 17. Mlikuwa na jiko dogo la gesi, sufuria, nyundo, seti ya spana za gari, kamba mita 20, tochi tatu, maji lita 5, na makorokoro mengine naona haya kuyataja. Wenzangu wananiita Bwana Stoo.

Huko ndani ya mkonge tairi langu la nyuma likapiga pancha. Nikafurahi, wallahi! Nikasema leo watanyamaza. Nikatoa tyubu mpya: vali yake nene, tundu la rimu yangu dogo, haipiti. Nikatoa viraka: gundi imekauka kama kokoto. Jirani yangu akanipa gundi yake, tukaziba vizuri, nikatoa pampu: kichwa chake hakishiki vali yangu, ile nyembamba ndefu. Wenzangu hawana pampu, wote wananitegemea mimi. Nikakokota baiskeli saa mbili nzima hadi kwa fundi mmoja chini ya mwembe, na yeye pampu yake ni ya vali nene. Nilirudi mjini nyuma ya bodaboda, nimeikumbatia baiskeli kama mtu anayempeleka mgonjwa.

La pili, mjomba, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu huja na chupa moja ya soda na simu yake, basi. Anasema sisi watu wa Tanga tumezaliwa juu ya keria, kubeba mizigo ni uoga. Jua likipanda, anakunywa maji yangu. Nikimnyima, habari inafika kwa mke wangu kabla mimi sijafika mlangoni.

Mwisho wa Juni tunakwenda Amani, kule kwenye msitu wa milima ya Usambara. Tutapanda gari hadi Muheza, kutoka hapo baiskeli, tulale usiku mmoja huko juu, kesho yake tushuke. Nibebe nini, niache nini, na mzigo wa wote tuugawe vipi bila kutiana maneno?

Bwana Stoo, Chumbageni

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya kucheka tu. Nisijifanye lakini. Mimi ujanani niliwahi kupanda mlima na birika la kahawa pamoja na makaa yake, nikafika juu kiberiti kimelowa. Kwa hiyo tunaongea wagonjwa wa wodi moja.

Kosa lako si kubeba vingi. Uzito umekuchosha mgongo, ila kilichokurudisha kwa bodaboda ni kwamba vitu vitatu ulivyovihitaji ulikuwa hujawahi kuvijaribu kwenye baiskeli yako hata siku moja. Umevinunua, umevipanga, umefunga zipu. Stoo ndivyo zilivyo: kitu kikishaandikwa kwenye daftari mnaamini kipo. Njiani hakuna daftari. Begi la njia ya milimani lina kazi ya kukurudisha nyumbani mambo yakiharibika, na kitu ambacho mikono yako haijakizoea humo ndani ni kokoto, hata kama ni kipya na cha bei mbaya.

Tuanze na tairi, maana hapo ndipo safari nyingi zinapofia.

Baiskeli za mtumba zinazotoka Ulaya, baadhi yake zina vali nyembamba kama yako, ile yenye kinati kidogo juu ambacho lazima ukilegeze kabla upepo haujaingia. Baiskeli zetu nyingi za mjini zina vali nene, na mafundi wetu wana pampu za hizo. Kuna kichwa kidogo cha shaba, hakifiki ukubwa wa kifundo cha kidole, ambacho unakisokota juu ya vali nyembamba nayo inageuka nene. Ukishakuwa nacho, pampu ya fundi yeyote chini ya mwembe wowote ni yako, hata ile ya kujazia matairi ya gari. Nunua viwili. Kimoja kiache kimesokotwa kwenye vali siku zote, kingine kikae na viraka. Kwa uzito wa vitu hivyo, hata mzani wako wa kazini hautatikisika.

Tyubu nayo ina mambo mawili ya kuangalia, wewe uliangalia moja au hukuangalia hata hilo. La kwanza ni vali ipite kwenye tundu la rimu. La pili ni kipimo: ubavuni mwa tairi pameandikwa 26, 27.5 au 29. Ya 26 ukibanwa sana unaweza kuivuta ikaingia kwenye 27.5 au hata 29 ukafika nyumbani, lakini ya 29 ndani ya 26 inajikunja na kujikata. Kila mtu abebe tyubu zake mbili, za kipimo chake. Hili halina ushirika.

Sasa nataka ufanye jambo moja Jumamosi hii. Kaa barazani, geuza baiskeli miguu juu, toa upepo wote gurudumu la nyuma. La nyuma, usinikwepe kwa la mbele, kwa kuwa la nyuma ndilo lenye mnyororo na giya na ndilo linalobeba uzito wako. Ing'oe tairi kwa vile vijiti vya plastiki, si kwa bisibisi. Bisibisi ndiyo inayotoboa tyubu ya pili. Vuta tyubu, ijaze kidogo, isogeze karibu na mdomo wako mpaka usikie upepo unakupuliza kwenye ngozi. Weka alama. Kisha, na hapa ndipo watu wanaharibu, usikimbilie kiraka. Chukua kitambaa, kizungushe kwenye vidole, ukipitishe ndani ya tairi duara zima polepole. Kitambaa kikinasa, umempata mwenyewe. Kule kwenye mkonge ni ncha nyeusi ya jani, ngumu kama sindano ya kushonea magunia. Huoni kitu kwa nje, ndani imechomoza kidogo tu. Ukiiacha humo na kuweka tyubu mpya, utatembea dakika kumi kabla haijakuchoma tena, na utailaani tyubu bure.

Kiraka chenyewe unakijua: msasa, gundi, subiri. Watu hawasubiri. Gundi lazima ikauke mpaka isinate kidoleni, dakika tano hivi, ndipo ubandike na kukandamiza. Na tyubu ya gundi ikishafunguliwa hukauka yenyewe hata ukifunga kifuniko kwa nguvu za Samsoni, kwa hiyo kila safari iende na ndogo isiyofunguliwa. Ile iliyofunguliwa mwachie mkeo azibie ndala.

Mtihani wako ni huu: ukiweza kumaliza kazi yote hiyo bila kumwita mtu, na pampu utakayobeba ni hiyo hiyo uliyojazia, begi lako limeshakamilika kwa zaidi ya nusu. Pampu ndogo ya mkono inachosha, utavuta mara mia na zaidi, ndiyo maana inafaa uijue shida yake ukiwa nyumbani na juisi pembeni.

Ongezea kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole. Tairi likichanika ubavuni kwa jiwe, tyubu inatokeza kama kitambi. Kipande hicho kinawekwa kwa ndani kuziba mpasuko. Na mpira wa kufungia mzigo, ule unaokatwa kwenye tyubu chakavu, ambao kila mwenye keria Tanga hii anao. Mimi ningeacha simu kabla ya kuuacha mpira huo. Unafunga koti, unakaza kiti kilicholegea, unashikilia bandeji. Zamani tungesema vitu vya mvua vifungwe kwenye mfuko wa rambo, ila mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2019. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana linatosha kwa simu, fedha na dawa.

Upande wa mnyororo sitakuchosha. Kitoa pini kimoja kwa kikundi kizima na viungo viwili vya kuungia, ila viungo viendane na idadi ya giya za nyuma, cha mnyororo wa giya 8 hakikai kwenye wa 10. Mnyororo ukikatika, unatoa kiungo kilichoharibika, unaunga, unaendelea. Ukiwa mfupi kidogo usitumie giya kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja. Spana za gari ziache stoo. Baiskeli zenu zinakazwa na funguo za umbo la L, hasa namba 4, 5 na 6, na zipo zilizokunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni. Kabla hujainunua, pitisha kila ufunguo kwenye kila boliti ya baiskeli yako. Najua narudia jambo lile lile. Nitalirudia tena.

Haya, mlima. Muheza iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Amani iko kwenye mita 900 hivi, na sehemu kubwa ya mpando inakusubiri baada ya geti la Zigi, ambako barabara inazunguka ndani ya msitu. Pale kila kilo utaijua kwa jina. Maji lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo hapo ndipo pa kupiga hesabu kweli: mtu anayepanda kwa nguvu kwenye joto letu anahitaji kati ya nusu lita na robo tatu kwa saa, na zaidi jua likiwaka. Ondoka Muheza na lita 3, si 5, ukijaza tena Zigi kabla ya mpando. Maji ya mto yanavutia kwa macho, lakini juu kuna watu, mashamba na mifugo, basi vidonge vya kutibu maji viwepo, vimekaa kwenye kiganja kimoja. Na pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini, zile za duka la dawa. Zikikosekana, kwa lita 1 ya maji safi weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Mtu aliyeanza kubanwa na misuli na kichwa kumuuma, kumpa maji matupu lita mbili kwa mkupuo si kumsaidia.

Jiko na sufuria, kwaheri. Mnalala Amani, chakula mtapanga na wenyeji wenu kabla hamjaondoka. Chakula cha njiani kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: tende, kashata za karanga, ndizi, chapati uliyoikunja na yai. Kula kidogo kila saa hata kama husikii njaa, maana ukiisubiri njaa, miguu imeshaisha. Halua nakuonya kama mpenzi wake: ina nguvu, ila inanata kwenye glavu, glavu zinanata kwenye breki, na siku nzima unanukia iliki.

Juni masika yamepita huku pwani, lakini Amani haisomi kalenda yetu. Msitu ule mvua haiuachi muda mrefu, ukungu unashuka mchana, na udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Koti jepesi la mvua kila mtu, fulana kavu moja na sweta la usiku. Mtu wa Chumbageni anaweza kulala bila shuka mwaka mzima, halafu akatetemeka Amani kwa usiku mmoja. Tope hilo hilo linakula pedi za breki, na kesho yake mna mteremko mrefu. Kabla ya safari angalieni unene wa pedi. Zikiwa zimebaki chini ya unene wa sarafu, badilisheni mjini. Za akiba beba zako mwenyewe, maana zinatofautiana.

Tochi moja ya kichwani, si tatu. Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti giza linatangulia. Anayepanga kufika saa kumi na mbili anapanga kufika usiku.

Dawa: sabuni kidogo, gozi, bandeji pana mbili, plasta, dawa ya maumivu, glavu za mpira. Na kanga. Usicheke. Kanga moja ni kombeo la mkono uliovunjika, ni taulo, ni shuka, ni kivuli, ni bandeji ya mguu mzima, na ukiikunja ni mto. Mkeo ana nyingi; omba ile asiyoipenda maneno yake. Mtu akichubuka, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga utoke, ndipo lifungwe. Nyoka akimuuma mtu, asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukata damu. Atulie, kiungo kisichezechezwe, apelekwe hospitali haraka. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye begi la mwenzake aliyetangulia kilomita mbili. Helmeti siihesabu kama mzigo, hiyo ipo kichwani.

Ndani ya msitu simu inapoteza mtandao kwenye mabonde, kwa hiyo pawa benki haikusaidii kitu kama hakuna anayejua mlipo. Mwachie mkeo karatasi: njia mtakayopita, mtakapolala, saa mtakayopiga simu, na afanye nini msipopiga. Namba 112 aijue. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kwa hiyo kuna kiingilio na utaratibu. Ulizeni mapema njia zipi baiskeli zinaruhusiwa, na getini semeni mnatoka lini. Beba noti ndogo ndogo, mwenye duka kijijini hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi.

Upangaji wenyewe: vyuma vikae kwenye baiskeli, kwenye mkoba wa chini ya kiti au kwenye frimu, si mgongoni. Ukianguka chali na pampu imekaa sambamba na uti wa mgongo, utanikumbuka. Maji yakae chini na karibu na mwili. Begi langu mimi, pamoja na maji, halivuki kilo 6.

Sasa shemeji.

Usimwambie kitu peke yake. Itisha kikao cha wote sita, chai na mahamri yatoke kwako, muweke kila kitu mkekani. Vya kila mtu: tyubu mbili, maji yake, chakula chake, koti, tochi, dawa zake. Vya kikundi mgawane kwa midomo yenu: huyu pampu, huyu ya akiba, huyu funguo na kitoa pini, huyu viraka na gundi. Anayejua ufundi zaidi akae mwisho wa msafara na vifaa, kwa sababu aliyeharibikiwa siku zote yuko nyuma. Akikaa mbele atawasubiri juu na spana mkononi, na nyinyi mnamsubiri chini.

Shemeji mpe mkoba wa dawa. Nasema hivyo kwa makusudi. Ni mwepesi, ila ni heshima, na mtu aliyepewa dhamana ya dawa za watu sita haji na chupa ya soda. Atakuja na begi, na begi likiwepo maji yataingia. Akija bila maji hata hivyo, pale Muheza stendi maduka yapo, msimame wote mpaka anunue. Msimame kimya. Akishanunua, mwanzeni safari na msilitaje tena, wala dada yake asilisikie.

Na machungwa ya Muheza, nakujua, utayaona tu yamepangwa barabarani utasema uchukue kumi ya njiani. Kumi yanakaribia kilo mbili. Nunua mkishashuka.

Mjomba wako